Tisini na Sita kwa Dakika

Penina Kyaruzi alikuwa amejiapiza kwamba Datius akiingia hatamtazama usoni. Atamtazama mikononi, aone kama ameleta mashine, basi. Msichana wa miaka ishirini na minane, prodyuza pekee wa kike mtaa mzima wa Nshambya, Bukoba, hawezi kushindwa na jambo dogo kama hilo.

Mlango ulipogongwa, akashindwa mara moja.

Datius Byarugaba alikuwa amekonda kidogo, na ndevu alizozoea kuzinyoa kila asubuhi alikuwa ameziacha zijiotee. Kwapani alibana mzigo uliofungwa kwa kitenge cha mama yake. Penina hakuhitaji kuuliza kilichomo. Ilikuwa ile mashine ya ngoma, kisanduku cheusi chenye vitufe kumi na sita, kilichowahi kuinua watu vitini kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba.

"Nimeshapiga hodi, Peni. Nirudie?"

"Ingia bwana. Kaije waitu," alijibu Penina, akajilaumu papo hapo. Makaribisho ya Kihaya humtoka mtu aliyefurahi, na yeye hakutaka ijulikane.

Miezi kumi na moja walikuwa hawajaonana. Kabla ya hapo walipiga muziki pamoja miaka miwili, Penina kwenye kompyuta, Datius kwenye kinanda na mashine yake, waya mmoja katikati. Katika kuunganisha mitambo wakaunganika na wao. Mambo yalifika mbali kiasi kwamba Mzee Karugendo, aliyechaguliwa kuwa mshenga, alikuwa ameshapiga koti lake pasi tayari kwenda Nshambya kubisha hodi kwa kina Kyaruzi.

Ndipo ikaja harusi ya Annastella, binamu yake Datius, kule Kaagya.

Siku hiyo mama yake Datius, Bi. Anatolia, ndiye alikuwa shangazi wa kumwingiza bibi harusi. MC Lukmani akapaza sauti, "Shangazi, tuletee mtoto," na Mama Datius, mwenye gauni jipya la gomesi na kilemba cha kuangusha kuta, akanyanyua mguu wa kulia ili ukanyage pamoja na pigo la kwanza. Pigo halikuja. Alibaki na mguu hewani kwa muda ambao yeye anasema ni dakika tano na majirani wanasema ni nusu dakika. Mtu mmoja asiye na haya akampiga picha. Jua lilipozama, picha ilikuwa imeshageuzwa stika kwenye kundi la ukoo, na mpaka leo mtu akichelewa kikao hutumiwa Mama Datius akiwa amesimama kwa mguu mmoja.

Penina alisema kosa ni la mashine. Datius akasema kosa ni la kompyuta. Walirushiana maneno nyuma ya spika mpaka Datius akang'oa waya, akafungasha, akaondoka na gari la kwanza lililokuwa likielekea Muleba. Na Mama Datius akamwambia Mzee Karugendo alirudishe koti lake kabatini. Watu walidhani anamkataa binti kwa sababu ni Mluteri na wao ni Wakatoliki. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo, maana ni sababu yenye heshima. Mumewe alijua ukweli. "Angeusamehe ule mguu," alimwambia mwanawe, "hata Mluteri angemchukua."

"Mzee hajambo?" Penina aliuliza huku akisogeza kiti.

"Hajambo. Anakusalimu. Kesho anatimiza miaka arobaini ya ndoa na amekataa katakata wanamuziki wengine. Alisema, 'Nataka wale wawili. Wakikosekana nitaingia kimya kimya kama mwizi wa ndizi.'"

"Na Mama?"

Datius alianza kufungua kitenge, akachukua muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji. "Mama amekubali. Ila amesema nikwambie neno moja."

"Niambie."

"Kesho ndiyo mara ya mwisho. Muziki ukikatika tena mbele ya watu, jina lako lisitajwe katika kibanja chake akiwa hai."

"Na usipokatika?"

"Hakusema."

Penina akainama kutafuta waya chini ya meza, akakaa huko chini kidogo, kwa sababu machozi yalikuwa yamemlengalenga na hakuwa na leso. Alimpenda huyu mtu. Alikuwa amejaribu kutompenda kwa miezi kumi na moja, tena kwa bidii, na alichopata ni usingizi mbaya tu. Kumbe sasa kila kitu kimewekwa juu ya wimbo mmoja wa dakika nne.

"Tuanze kazi," alisema alipoinuka.

Chumba chenyewe kilikuwa uani kwa baba yake, kuta zimebandikwa trei za mayai na mikeka, juu bati tupu. Waliunganisha kila kitu vilevile kama zamani. Mikono yao ilikumbuka. Datius alinyoosha mkono bila kuangalia na Penina akamwekea kichwa cha waya kiganjani, wote wawili wakajifanya hawakuona.

"Ule wimbo wa kuingilia bado unao?" Datius aliuliza.

"Upo. Sijaufungua tangu Kaagya."

"Na mimi mashine sijaiwasha tangu Kaagya. Imelala ndani ya hiki kitenge."

"Vizuri. Basi ziko vilevile tulivyoziacha. Tutaona leo nani mkosaji."

"Tutaona."

Asiyejua kazi hii ataelewa akielezwa mara moja. Kompyuta ina saa yake ndani, na mashine ya ngoma ina saa yake. Ukiziandikia zote mbili mapigo tisini na sita kwa dakika, zitaanza pamoja vizuri kabisa, lakini ikifika dakika ya nne moja imeshafika getini na nyingine bado inafunga kamba za viatu. Tisini na sita ya huku si tisini na sita ya kule. Dawa yake ni moja ikae kama kiongozi, itume kila pigo lake kupitia waya tangu mwanzo mpaka mwisho, na nyingine ifuate bila kubisha. Hapo ndipo hawa wawili walipokuwa wakigombana wiki nzima kabla ya harusi ile. Datius alitaka mashine iongoze, akidai kompyuta inababaika. Penina alitaka kompyuta iongoze, akidai mashine imezeeka.

"Moja, mbili," Penina alihesabu, "tatu, nne."

Akabonyeza. Datius naye akabonyeza.

Kimya.

Kilikuwa kimya kilekile cha Kaagya. Penina alikitambua kama mtu anavyotambua harufu ya nyumba ya bibi yake.

"Unaona?" Datius alisema. "Kompyuta yako."

"Ngoja kwanza. Usiguse kitu." Penina aliinama karibu na kioo. Pale juu pembeni, alama ndogo ilikuwa ikiwaka na kuzima. Aliijua maana yake. Programu ilikuwa haijaharibika hata kidogo. Ilikuwa imekaa inasubiri pigo kutoka nje. "Datius, yangu inasema inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Inakusubiri wewe. Yako inasemaje?"

Datius aliigeuza mashine kuelekea dirishani apate mwanga. Akasoma. Akasoma tena. "Hii nayo inasubiri," alisema polepole. "Inasubiri kompyuta."

Wakatazamana, na safari hii Penina alimtazama usoni waziwazi, bila kiapo wala nini.

"Nani aliiambia mashine isubiri?" aliuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Asubuhi ya harusi, wakati unanyoosha gauni lako. Tulikuwa tumegombana wiki nzima. Nikajisemea, huyu msichana nampenda, sasa namnyima nini? Kama anataka kompyuta iongoze, iongoze. Nikaibadilisha mashine ifuate. Sikusema. Nilitaka uone mwenyewe pale muziki utakapoanza." Akaionyesha kompyuta kwa kidole. "Na kompyuta, nani aliiambia isubiri?"

Penina alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Nilikwisha nyoosha gauni," alisema kutoka nyuma ya vidole. "Wewe ulikwenda kutafuta chai. Nikajisemea vilevile. Nikasema leo nimpe Datius uongozi, nione atakavyofurahi."

Siku ile mvua ilikuwa imechelewesha gari, wakafika Kaagya watu wamekwisha kaa, hawakupata nafasi ya kujaribu mitambo. Kompyuta ikaiachia mashine itangulie. Mashine ikaiachia kompyuta itangulie. Na mama wa watu akabaki na mguu hewani.

Sisi Wahaya tunasemwa nchi nzima kwamba tunapenda kujikweza. Aliyelianzisha neno hilo hakuwahi kuwaona hawa wawili.

Datius ndiye aliyeanza kucheka. Alianza taratibu, mabega tu, kisha akashika meza. Penina akajaribu kukasirika, maana miezi kumi na moja si kitu cha kuchekea, lakini kicheko kilimjia kwa nguvu mpaka akakaa sakafuni, gauni likaokota vumbi lote la studio. Kila walipotaka kunyamaza mmoja alinyanyua mguu, na wakaanza upya.

"Tulichomfanyia Mama," Datius alisema akijifuta macho.

"Usimwambie kamwe."

"Nimwambie nini? Kwamba aliaibika kwa sababu tunapendana?"

Neno hilo likakaa chumbani. Alikuwa amesema "tunapendana", wala hakulirudisha nyuma kulitengeneza.

Mvua ya Bukoba haijui kubisha hodi. Ilishuka juu ya bati kwa mkupuo mmoja, ikafuta sauti zote. Hapo kazi ya studio hukoma, mtu hawezi kusikia hata pigo la besi. Hawakuwa na la kufanya ila kukaa, na ili wasikizane ilibidi wakae karibu.

"Ulikuwa unaishije?" Penina aliuliza karibu na sikio lake.

"Nilikuwa nakuja Bukoba kila Alhamisi."

"Kufanya nini?"

"Kununua betri za mashine."

"Mashine yako inatumia umeme, Datius."

"Ndiyo. Ninazo betri nyingi sana."

Penina alimpiga bega, kisha mkono ukasahau kurudi. Ulibaki pale begani na yeye hakuuita.

"Mimi nilikuandikia," alisema. "Nikafuta. Nikaandika tena. Siku moja nilikuandikia kuanzia asubuhi mpaka mama akaniuliza natunga wimbo gani."

"Ungetuma hata ujumbe mmoja."

"Na wewe ungepiga hodi hata Alhamisi moja. Nyumba unaijua."

"Nilifika mpaka kwenye ua. Nikamsikia Mzee Kyaruzi anafundisha kwaya sebuleni, nikaogopa. Baba yako akishika ile fimbo ya kuongozea, mtu anasimama wima hata akiwa nje barabarani."

"Baba hamli mtu."

"Na jambo la mimi kuwa Mkatoliki halitamsumbua?"

"Litamsumbua. Atauliza, atanuna, ataomba. Lakini mtu hawezi kumkatalia mshenga ambaye hajafika. Kwanza tumshinde Mama yako." Akageuka amtazame vizuri. Macho ya Datius yalikuwa na ule utulivu wake wa zamani, ule uliomfanya ajisikie nyumbani popote walipofunga mitambo, kwenye ukumbi au uani kwa watu. "Lakini nataka uniahidi kitu. Usinifanyie tena wema wa kimyakimya."

"Hata mdogo?"

"Hata mdogo. Ukitaka kunipa kitu, kiseme. Nitakikataa au nitakipokea, lakini nikijue."

"Sawa. Basi nasema. Nataka kukuoa."

"Hilo nalijua."

"Umesema niseme."

Mvua iliendelea, nao wakawa hawana haraka nayo.

Ilipokatika walirudi mezani kama watu wengine kabisa. Kwanza waliiacha kompyuta iongoze. Ngoma zikawa zinasitasita, pigo moja mapema, jingine limechelewa kidogo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Penina aliona aibu, maana Datius alikuwa amesema kweli tangu zamani. Akafuata waya kwa vidole, akakuta amepitisha kila kitu kwenye kigawanyio kimoja cha bei rahisi, pamoja na kipanya na chaja ya simu. Akachomoa vyote, akatoa kwenye droo ya chini waya mnene wa midi, ule wa kuunganishia vyombo vya muziki, wenye pini tano, akauunganisha moja kwa moja kutoka mashine hadi kisanduku cha sauti cha kompyuta.

"Mashine iongoze," alisema. "Nimekubali, na nimekisema."

"Nimepokea. Nimekisikia."

Safari hii hakuna kilichositasita. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, mapigo yalikwenda bega kwa bega. Lakini Penina hakuridhika. Sikio lake lilikuwa likimwasha mahali.

"Sauti za kompyuta zinafika nyuma kidogo. Pigo linatoka kwenye mashine, linapita kwenye waya, kompyuta inalipokea, inalifikiria, ndipo inalia. Nitaipunguzia huo uchelewaji. Wewe fumba macho. Nitapiga mlio mmoja kwa zote mbili. Ukisikia milio miwili, sema bado. Ukisikia mmoja, sema hapo."

Datius akafumba macho. Ta-ta, ta-ta, ikasikika.

"Bado."

Penina alishusha namba kwenye kioo, kidogo kabisa.

"Bado."

Akashusha tena. Hakuwa akiangalia kioo sana. Alikuwa akiangalia kope za Datius, na kile kikunjo kidogo katikati ya nyusi kinachomtokea akisikiliza, na ndevu ambazo sasa aliona zinampendeza, ingawa hatamwambia leo.

"Bado. Bado kidogo."

"Hapa?"

"Hapo," alisema Datius, akafumbua macho, akamkuta anamtazama. "Hapo hapo, Peni. Usiondoe."

Mlio ulikuwa mmoja tu sasa, ta, ta, ta, safi. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuzima.

"Kesho nani atakaa na mashine?" Penina aliuliza baadaye, wakati wanakunja nyaya.

"Wewe."

"Mashine ni yako. Kaa nayo wewe, mimi nita..."

"Peni. Mikono yangu miwili iko kwenye kinanda. Kompyuta inafuata yenyewe, haihitaji mtu. Mashine ndiyo inahitaji mkono." Akakisogeza kisanduku cheusi mbele ya Penina. "Sema tu, naongoza mimi."

"Unaongoza wewe."

"Penina."

"Haya. Naongoza mimi," alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri shairi mbele ya darasa.

Kesho yake, baada ya misa ya shukrani, uwanja wa Mzee Byarugaba huko Ijumbi, Muleba, ulikuwa umejaa. Turubai mbili, migomba pande zote, rubisi, pombe ya ndizi, kwenye vibuyu kwa wazee na soda kwa wanaojitunza. Penina alifunga mitambo tangu saa mbili asubuhi na kuijaribu mara tisa. Mara ya kumi Datius alimshika mkono na kumwambia inatosha, mashine nayo huchoka kuulizwa swali moja.

Wenye sherehe walipanga waingilie upande wa kibanja cha migomba, njia ndefu kati ya viti hadi meza kuu. MC Lukmani, ambaye hakuwa amesahau Kaagya, alimtazama Penina kwanza. Penina akatikisa kichwa kukubali. "Mabibi na mabwana," alisema Lukmani, "miaka arobaini inaingia."

Mzee Byarugaba akatokea, amenyooka ndani ya suti ya kaki, mkewe mkononi. Mama Datius alisimama mwanzoni mwa njia, akaweka miguu yake yote miwili chini, akaikandamiza ardhini. Aliangalia spika. Ukoo mzima ulielewa, watu wakaanza kuuma midomo wasicheke. Alikuwa akisema bila kusema, sinyanyui kitu mpaka nisikie.

Moyo wa Penina ulikuwa ukienda zaidi ya tisini na sita. Akabonyeza.

Ngoma ikaanguka chini nzito, besi na vinanda vya kompyuta vikaanguka juu yake kwa wakati mmoja, na Datius akaingia na kinanda chake kama aliyekuwa akingoja mlangoni. Vigelegele vikapasuka. Mama Datius akavuta pumzi, akanyanyua mguu, akakanyaga.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndipo Penina akaona. Kila mguu wa kushoto ulipogusa chini, midomo ya Mama Datius ilibana. Ilikuwa kitu kidogo, wenye kupiga vigelegele hawakukiona, hata mumewe aliyekuwa akipungia watu mkono hakukiona. Goti lilimuuma. Muziki ulikuwa ukimkimbiza, na yeye kwa kiburi chake alikuwa akiukimbilia, kwa kuwa alishaahidi mbele ya ukoo kuingia kwa kucheza. Bado hatua hamsini kufika kwenye meza kuu.

Jana yake Penina angemtafuta Datius kwa macho, aulize afanye nini. Leo aliweka vidole kwenye kile kitufe kikubwa cha mwendo, akakizungusha polepole sana. Tisini na tano. Tisini na nne. Kompyuta ikafuata bila kubisha, besi ikafuata, vinanda vikafuata. Datius aliinua kichwa mara moja, akaona mkono wake ulipo, akainamisha, mikono yake ikapungua pamoja nao. Tisini. Themanini na nane. Hakuna aliyejua kwamba kitu kimebadilika, waliokuwa wakicheza waliona tu wimbo umekuwa mtamu zaidi na mabega yakapata nafasi.

Themanini na nne. Midomo ya Mama Datius ikaachia. Akaacha kukimbia. Akaanza kucheza hasa, ule uchezaji wa wanawake wa Kihaya waliokomaa, mikono imenyooshwa, kiuno kimetulia, kila hatua ina muda wake. Mzee Byarugaba akamgeukia mkewe kana kwamba ndio kwanza anamwona, na watu wazima wakasimama kwenye viti.

Wimbo ulichukua dakika nne na nusu badala ya nne. Haukukatika.

Wakati wa chakula Penina aliitwa meza kuu. Alikwenda, Datius nyuma yake. Mzee Karugendo alikuwa amekaa pembeni na sahani ya ndizi na nyama, akijifanya hayumo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba." Mama Datius hakumwambia akae. Alimtazama mwanawe kwanza. "Ule wimbo ulipungua mwendo nikiwa njiani. Ni wewe?"

"Hapana, Mama."

"Ni mashine imechoka?"

Penina alihisi lile jibu la adabu likimjia mdomoni, lile linalowapa wengine sifa na kumwacha mtu salama nyuma yao. Akalimeza.

"Ni mimi, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Niliona goti linakuuma, nikapunguza."

Mzee Byarugaba alishusha glasi. "Goti gani?"

"Kula, Mzee," Mama Datius alimwambia mumewe. Kisha akamgeukia Penina, na kwa mara ya kwanza tangu Kaagya uso wake ulikuwa wazi. "Tangu mwezi uliopita linanisumbua. Huyu nimelala naye kitanda kimoja, hajajua. Wewe umejua kwa hatua tatu." Alivuta kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Kaa hapa, mwana wange." Halafu, bila kuinua sauti, "Karugendo."

"Waitu," aliitika Karugendo.

"Maliza hiyo sahani. Kuna gari linapeleka mitambo Bukoba sasa hivi. Panda."

"Leo hii? Koti langu liko nyumbani."

"Vaa la Mzee."

"Mama, hilo ndilo gari ninalorudi nalo mimi," Penina alisema.

"Wewe utaondoka na la pili, pamoja na wanakwaya wa misa. Msichana hafiki kwao kwenye kiti kimoja na mshenga wake. Atangulie yeye."

Kwa hiyo Mzee Karugendo aliondoka Ijumbi akiwa amevaa koti la kaki linalomzidi mabega, akikumbatia spika, na Penina akabaki akimenya viazi visivyohitajika, kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Datius alikuja kukaa karibu naye mara nne na kila mara alifukuzwa na shangazi mmoja au mwingine.

Saa kumi na nusu simu ya Penina ikaita. Alikuwa Baba.

"Penina," alisema Mzee Kyaruzi kwa ile sauti yake ya kwaya, "kuna mzee hapa sebuleni anaitwa Karugendo. Amevaa koti la mtu mwingine. Anasema ana neno. Wewe unalijua neno hilo?"

"Nalijua, Baba."

"Hao ni Wakatoliki."

"Ndiyo, Baba."

"Hilo la kanisa tutalikalia vikao, usidhani limepita."

"Sidhani, Baba."

Penina alisikia vikombe vikigongana kwa mbali, na mama yake akimwuliza mtu kama anatumia sukari. Datius alikuwa amesimama mbele yake, akijaribu kusikia.

"Huyo kijana," Baba alisema hatimaye, "anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya tatu, Baba."

"Wa sauti ya tatu kwenye kwaya yangu ninaye mmoja tu, na ana pumu." Akakohoa. "Rudi taratibu, barabara ina utelezi. Mgeni nimeshamwambia avue koti akae."